Nani Anaisikia Dhahabu? Historia Fupi ya Hedifoni, Kutoka kwa Bell Hadi Mashamba ya Geita



Leo naomba tuongelee hedifoni. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnawaza muziki ndani ya daladala na abiria asiyesikia konda akidai nauli. Lakini huku Kanda ya Ziwa, kuanzia Kahama mpaka Geita, kuna watu ambao hedifoni kwao ni zana ya kazi kama ilivyo sururu. Ni watu wa ditekta, zile mashine za kutafutia dhahabu zenye mti mrefu na sahani chini yake.

Mtu wa ditekta haioni dhahabu. Anaisikia. Mashine inapiga mvumo mdogo usiokatika, kama nyuki aliye mbali, na koili (ile sahani) ikipita juu ya chuma au dhahabu mvumo unapanda na kushuka. Kama chembe ni ndogo au imezama sana, mabadiliko yanakuwa madogo kiasi kwamba wewe na mimi tungepita tu. Ndiyo maana anavaa hedifoni. Upepo ukivuma, ng'ombe wakilia, watoto wakipiga kelele, yeye yumo ndani ya mvumo wake.

Sasa fikiria jambo hili. Kwenye shamba lile mara nyingi kuna watu watatu wenye haki: mwenye shamba, mwenye mashine, na anayeizungusha. Makubaliano ya kugawana yanatofautiana mahali na mahali, lakini karibu yote yanategemea jambo moja, kwamba kitu kikipatikana kila mmoja atajua. Na wa kwanza kujua ni mmoja tu, yule mwenye hedifoni. Wengine wawili wanasoma uso wake.

Swali langu la leo ni hilo. Ilikuwaje mashine ya kutafuta mali ikawa na sikio moja tu? Na je, ni lazima iendelee hivyo?

Sikio la kwanza: 1881

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 2 Julai 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi Washington. Risasi moja ilibaki mwilini na madaktari hawakujua iko wapi. X-rei ilikuwa bado kugunduliwa, ilikuja 1895. Akajitokeza Alexander Graham Bell, yule wa simu, ambaye simu yake ilikuwa na miaka mitano tu.

Bell alitengeneza kifaa cha nyaya zilizosokotwa, zilizopangwa ili zisitoe sauti zikiwa mbali na chuma. Zikikaribia chuma, mpangilio unavurugika na mlio unatokea. Alihitaji kitu cha kuusikilizia mlio huo, akachukua kile alichokuwa nacho mkononi: kisikilizio cha simu. Akakiweka sikioni. Hapo ndipo ndoa ya ditekta na sikio ilipofungwa.

Jaribio halikufanikiwa. Rais alikuwa amelazwa kwenye godoro lenye springi za chuma, na daktari mkuu aliruhusu upekuzi upande mmoja tu wa mwili, ule alioamini yeye kwamba risasi ipo. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Risasi ilikuwa upande mwingine.

Ona basi kwamba tangu siku ile ya kwanza aliyesikia alikuwa mmoja, na waliomzunguka walisubiri awaambie. Na ona pia kwamba mwenye mamlaka ndiye aliyeamua wapi pasikilizwe.

Kutoka ndege hadi mabomu

Miaka ya 1920 huko California, Gerhard Fischer, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa akishughulika na vifaa vya redio vya kuongoza ndege. Vifaa hivyo vilikosea pale palipokuwa na chuma karibu. Mwingine angeona kero, yeye akaona biashara: kama chuma kinavuruga redio, basi redio inaweza kutafuta chuma. Alipata hataza yake 1937.

Ikaja Vita ya Pili. Huko Scotland, ofisa wa Poland aliyekuwa uhamishoni, Józef Kosacki, alibuni kifaa cha kutafutia mabomu ya ardhini. Askari alikibeba, akavaa hedifoni, akatembea mbele ya wenzake. Vifaa 500 vya aina hiyo vilitumika katika mapigano ya El Alamein huko Misri, Oktoba 1942. Kosacki hakuomba hataza. Alilipa jeshi la Uingereza ubunifu wake bure.

Kwa askari yule sikio moja lilikuwa na maana. Anayesikia ndiye aliye hatarini, na wengine wanafuata nyayo zake. Hakuna aliyegombea mgawo wa bomu. Vita ilipokwisha ditekta ikahamia kwa watafuta hazina na dhahabu ikiwa na umbo lilelile: mashine moja, waya mmoja, kichwa kimoja. Tulirithi hedifoni ya askari, tukaipeleka mahali ambapo kinachotafutwa ni cha watu watatu.

Huku kwetu

Dhahabu ya Geita iliandikwa kwenye vitabu vya Wajerumani tangu 1898. Mgodi mkubwa ulifanya kazi chini ya Waingereza kuanzia miaka ya 1930 na ukafungwa 1966. Upande wa Shinyanga, John Williamson alipata almasi Mwadui mwaka 1940. Baadaye ikaja Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996 kumpisha mwekezaji. Mgodi ukaanza uzalishaji 2001. Mgodi mpya wa Geita ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla, 2000. Geita yenyewe ikawa mkoa 2012.

Habari hizo mnazijua, sina haja ya kuzirefusha. Ninachotaka mkione ni kwamba kila enzi ilikuwa na chombo chake cha kujulia mali iko wapi, na chombo hicho kila mara kilikuwa mikononi mwa wachache. Kwa Mjerumani ilikuwa ramani. Kwa kampuni kubwa ni mashine za kuchoronga na maabara. Mchimbaji mdogo alikuwa na macho, sururu na tetesi za rashi. Duara linafunguliwa kwa sababu jirani kapata.

Ditekta ikabadilisha mambo. Kampuni ya Minelab ilianzishwa Adelaide, Australia, mwaka 1985. Mwanafizikia wao Bruce Candy alitafuta njia ya kuifanya mashine isidanganywe na udongo wenye madini ya chuma, ule mwekundu tunaoujua vizuri huku. Miaka ya 1990 zikatoka mashine zao za mapigo ya umeme, na 2010 ikatoka GPX 5000. Afrika ikazipokea kwa mikono miwili, kuanzia Sudan hadi kwetu. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na kampuni aliweza kutembea shambani na kuambiwa: chimba hapa.

Penye riziki hapakosi kupe. Mashine bandia za GPX 5000 kutoka China zikaingia sokoni Afrika. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye kompyuta ya mfanyakazi wa Codan, kampuni inayoimiliki Minelab tangu 2008, alipokuwa safarini China na kutumia intaneti ya hotelini. Faida ya Codan ilishuka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9.2 katika mwaka mmoja ulioishia Juni 2014, na bei ya mashine halisi ikabidi ipunguzwe.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2019 ilifuta kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio kwa wachimbaji wadogo, na Machi mwaka huohuo soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita. Ukifika pale kuna mizani, risiti na maofisa. Kila gramu inaandikwa.

Ni jambo zuri. Ila daftari la soko linaanza kuandika pale dhahabu inapofika mezani. Kabla ya meza kuna shamba, na kabla ya shimo kuna sauti. Ile sauti haina risiti.

Bluetooth na dhahabu inayohama

Sasa tuingie kwenye waya. Mtu yeyote aliyetembea kwenye vichaka vya Geita na waya unaotoka kichwani hadi kiunoni anajua adha yake: unanaswa na miiba, unakatika kwenye plagi, unavuta kichwa ukiinama. Kwa nini basi asivae hedifoni ya Bluetooth kama vijana wa mjini?

Bluetooth ilianza kufanyiwa kazi 1994 kwenye kampuni ya Ericsson, mji wa Lund, Sweden. Jina lilipendekezwa 1997, la mfalme wa kale wa Denmark, Harald mwenye jino la bluu, aliyeunganisha watu waliokuwa wametengana. Mei 1998 kampuni tano zikaunda umoja wa kuisimamia: Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba. Lengo la mwanzo lilikuwa kuondoa waya mfupi kati ya vifaa. Huku kwetu tuliifahamu kama njia ya kurushiana nyimbo kutoka simu hadi simu, enzi ambazo intaneti ilikuwa ya kwenda kulipia kwa saa.

Tatizo ni muda. Sauti ya Bluetooth ya kawaida haiendi kama maji kwenye bomba. Kifaa kinakusanya sauti, kinaibana iwe ndogo, kinaikata vipande, kinavirusha, upande wa pili unavikusanya, unasubiri kidogo kama kuna kilichopotea, kisha unakunjua na kupiga. Kazi hiyo yote huchukua kama robo au sehemu ya tano ya sekunde. Kwenye wimbo hujali. Shambani, fanya hesabu: ukizungusha koili kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, sauti ikichelewa sekunde 0.2, koili imeshapita sentimita 20. Ukienda kulia dhahabu inasikika iko kulia zaidi. Ukirudi kushoto inasikika kushoto zaidi. Chembe moja imekuwa na makazi mawili yaliyoachana sentimita 40, na kwenye yote mawili haipo!

Kuna jambo la pili. Baadhi ya hedifoni za muziki zikiona sauti ni ndogo sana zinadhani wimbo umekwisha, zinajizima ili kutunza betri. Na ule mvumo mdogo ndio roho ya kazi.

Watengenezaji walilijua hilo. GPZ 7000 ilipotoka 2015, Minelab waliiwekea mfumo wao wenyewe wa kurusha sauti bila waya, ulio mwepesi zaidi. Ni baadaye, teknolojia ya Bluetooth yenye ucheleweshaji mdogo, kama sekunde 0.04, ilipopatikana ndipo wakaikubali. GPX 6000 ya mwaka 2021 inakuja na hedifoni ya aina hiyo. Kwa hesabu ileile, sentimita 20 zimekuwa 4. Waya umekwisha. Lakini sikio bado ni moja.

Programu ya mfano

Hapa ndipo nilipoingia mwenyewe. Mwaka 2022 umoja wa Bluetooth ulikamilisha kizazi kipya cha sauti, LE Audio, na ndani yake kuna kitu kinaitwa Auracast. Bluetooth ya zamani ni kama simu: mmoja kwa mmoja. Hii ni kama redio. Kifaa kimoja kinatangaza, na hedifoni yoyote iliyo jirani yenye uwezo huo inaweza kusikiliza, iwe moja, tatu au thelathini, bila kuunganishwa moja moja.

Rafiki yangu fundi wa elektroniki Kahama alikuwa na bao tatu za majaribio za Nordic Semiconductor ya Norway, zilizotengenezwa maalumu kwa kazi ya sauti. Kampuni hutoa bure programu ya mfano pamoja na msimbo wake. Unapakua vifaa vyao kwenye kompyuta, unachagua ubao utakuwa mtangazaji au msikilizaji, unajenga programu, kisha unaiingiza kwa waya wa USB, kama vile fundi anavyoflashi simu. Kujenga mara ya kwanza kunachukua muda, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, kwa hiyo tulifanya kazi usiku.

Mfano wenyewe umepangwa kupokea sauti kutoka kwenye kompyuta. Sisi tulihitaji sauti ya ditekta, hivyo tukabadili mpangilio ipokee kupitia tundu la waya lililopo kwenye ubao. Badiliko la pili lilikuwa la stereo. Mfano unamgawia msikilizaji mmoja sauti ya kushoto na mwingine ya kulia, lakini ditekta haina kushoto na kulia. Bao zote mbili za wasikilizaji tukazipa kushoto. Taa zikawaka, kijani kwa mtangazaji, bluu kwa wasikilizaji wawili. Tukacheza kipande cha mvumo kutoka kwenye simu. Tukausikia wote wawili kwa pamoja, mimi nikiwa sebuleni na yeye uani.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye shamba moja mkoani Geita, kwa mzee mmoja ambaye ameishi na ditekta miaka mingi, na mama mwenye shamba. Majina yao nayaacha. Tulifukia kipande kidogo cha risasi, ile ya kuvulia samaki, mahali ambapo hakuna kati yao aliyejua. Mtangazaji tukamfunga mgongoni kwa mzee, mbali na koili, maana mashine hizi huchukia vifaa vya umeme vikiwa karibu. Yeye akabaki na waya wake kupitia plagi ya njia mbili. Mama akavaa hedifoni kwenye ubao wa kwanza, mimi wa pili. Tukakubaliana kila atakayesikia mabadiliko ainue mkono bila kusema.

Mzee alizungusha taratibu. Kwa dakika kadhaa hakuna kitu, mvumo tu. Kisha ukapanda, ukashuka. Mkono wa mzee uliinuka. Wa kwangu ukafuata. Nikageuka nikaona wa mama uko juu tayari.

"Kumbe ndiyo hiyo?" akauliza. "Miaka yote hii nilikuwa naangalia miguu yake tu."

"Miguu, mayo?"

"Akisimama najua kuna kitu. Asiposimama sijui kama hakuna au hataki kusimama."

Mzee alicheka, lakini hakukasirika. Alikaa chini akavua hedifoni, akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

"Wanangu, mnadhani hedifoni inaficha kwa ajili ya wizi. Inaficha pia kwa ajili ya uhai. Nikisikia kitu kikubwa pembeni kuna watu nisiowajua, napita kama sijasikia. Narudi kesho na wenyewe. Hii redio yenu ikisikika mpaka barabarani, nani atanilinda?"

Hoja nzito, wadau. Fundi akamjibu kwamba matangazo ya aina hii yanaweza kufungwa kwa namba ya siri, asiye nayo asisikie kitu. Mzee akauliza namba itatunzwa na nani. Mama akasema, "Sisi watatu." Wakaangaliana. Sikuongeza neno.

Ninachokiona mimi

Bao zile si bidhaa. Zinaning'inia shingoni kama kitambulisho kikubwa, betri ni ya kubembeleza, na mvua ikinyesha unakimbia. Pia kumsikilizisha mtu sauti si kumfundisha kuielewa; mama alisikia kipande kilichofukiwa karibu, lakini kuna milio midogo ambayo mzee alisimama nayo mimi nikiwa sijui amesikia nini. Sikio lake lina miaka, na miaka haiwezi kuflashiwa kwenye ubao.

Hata hivyo jambo moja limenikaa. Tangu Bell mpaka leo, watu wenye akili nyingi wameshughulika na kumfanya msikilizaji mmoja asikie vizuri zaidi: kina zaidi, udongo mgumu zaidi, bila waya. Hawakukosea, hilo ndilo waliloombwa. Suala la wengine wangapi wasikie halikuwa mezani, kwa sababu askari wa El Alamein hakulihitaji, na mtafuta dhahabu wa Australia anayetembea peke yake jangwani halihitaji. Linahitajika hapa kwetu, ambapo ardhi ni ya mmoja, mashine ya mwingine, na jasho la wa tatu.

Kwa hiyo usitegemee litatatuliwa Adelaide au Lund. Zana zimeshawekwa wazi, msimbo ni wa bure, na mafundi tunao Kahama, Shinyanga mjini na Geita, vijana wanaofufua simu zilizokufa kwa siku tatu. Kazi ya serikali ya kuweka mizani ilikuwa kumfanya muuzaji na mnunuzi wasome namba ileile. Hii ni hatua moja nyuma ya mizani: watu watatu wasikie mlio uleule, kwa wakati uleule.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mashamba yetu daftari la kwanza ni sikio. Swali la mzee bado sina jibu lake: namba ya siri akae nayo nani? Wenye mashamba, wenye mashine na wazungushaji, ninyi ndio mnaojua. Nasubiri kusikia kutoka kwenu.